Wivu Wetu Kwako, Dakta Raheli: Risala ya Darasa la Alhamisi, Chikongola

Mgeni rasmi, Dakta Raheli Mathayo, Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili. Mwalimu Mkuu uliyetuazima chumba hiki. Wanachuo mliofuatana na mgeni. Majirani wa Chikongola mliokuja kwa sababu mmesikia kuna spika. Na wote ambao itifaki imewasahau, nao wapo.

KARIBU TENA

Tumeandika "tena" kwa makusudi. Ratiba iliyotoka ofisini kwako inasema hii ni ziara yako ya kwanza katika darasa letu. Mgeni rasmi, uliketi humu miaka mitatu, benchi la pili upande wa dirisha, kati ya Bi Mwaisha Shafii na mimi ninayesoma, Abeid Nampoto, katibu. Leo tumekuwekea kiti chenye kitambaa kwa sababu mgeni rasmi hakalishwi benchi. Lakini benchi lipo. Kiti hicho kikikuchosha, unajua lilipo.

Tunajua pia kilichokuleta. Ukitoka hapa utakwenda kuamua kama darasa letu liendelee kuzisoma tasnifu za wanafunzi wa uzamili kabla hazijapelekwa kwa watahini, au tuvuliwe kazi hiyo. Hilo ndilo jambo la leo. Mengine yote, pamoja na soda, ni mapambo.

Kabla hatujaendelea, kuna neno moja lililotuchukulia kikao kizima, na ni haki ulijue. Katika rasimu niliandika hivi: "Mgeni rasmi, tunakuonea wivu." Mwenyekiti wetu, Mzee Samweli, ambaye alikuwa tarishi wa halmashauri na ameshasikia risala nyingi kuliko sisi sote, alishtuka.

"Katibu, ongeza 'wa maendeleo'," alisema. "Wivu wa maendeleo. Ndivyo inavyosemwa mbele ya viongozi."

"Maendeleo ya nani?" akauliza Bi Mwaisha.

"Ya wote."

"Wivu wa wote haupo, Mzee Samweli. Wivu ni wa mtu na mwenzie. Mimi nimeishi uke wenza, usinifundishe."

Josephu wa Ziwani, ambaye hucheka kabla hajamaliza kusikiliza, akasema, "Kwa hiyo sisi na Raheli ni wake wenza?"

"Ndiyo. Mume wetu kitabu. Yeye kaolewa kwa ndoa, sisi tumekaa kimada."

Mwalimu Mkuu atusamehe, maana hapa ni shuleni. Lakini baada ya maneno hayo neno likabaki peke yake bila mkia. Mgeni rasmi, tunakuonea wivu.

TULIKOTOKA

Darasa hili lilianza kama masomo ya jioni ya watu wazima. Mimi nilikuwa kuli bandarini. Mchana nilibeba magunia, jioni nilibeba kitabu, na nilikuwa najua kipi kati ya viwili hivyo kilikuwa kizito zaidi. Bi Mwaisha alikuwa akishona nguo Mikindani, akija huku na nyuzi bado ziko begani. Josephu, mkulima wa korosho, alitoka Ziwani kwa baiskeli. Programu yenyewe ilipokwisha na walimu wa malipo wakaondoka, sisi tulibaki na siku moja, Alhamisi, na mwalimu mmoja aliyekataa kuondoka: marehemu Mwalimu Modesta, Mungu amrehemu.

Wewe ulitukuta hapo. Ulikuwa karani katika ghala la korosho, ukarudia mtihani wa kidato cha nne, na hukutaka watu wa bandarini waliomfahamu baba yako wajue. Hawakujua. Tulikutunzia siri hiyo mpaka ulipoisema mwenyewe redioni, juzijuzi, kwa sauti nzuri sana.

Wanachuo mliofuatana na mgeni hamkumjua Mwalimu Modesta, kwa hiyo tuwaeleze jambo moja. Alikuwa na kalamu nyekundu. Kazi aliyoichoka, au ambayo aliona mwandishi wake hana haja nayo, aliiandikia "Vema" na kuirudisha. Kazi aliyoiheshimu aliichafua. Alikata, akauliza, akaandika pembeni, akageuza karatasi akaendelea nyuma. Basi humu ndani "Vema" ilikuwa tusi. Tuligombea nyekundu. Raheli, wewe siku moja ulirudishiwa insha iliyokuwa nyekundu kuanzia kichwa hadi jina lako, ukaizungusha benchi kwa benchi kama mwanamwali anayeonyesha pete. Tukakupongeza. Wengine tulikupongeza kwa meno.

Kabla hujaja, aliyekuwa akirudishiwa nyekundu nyingi kuliko wote ni huyu anayekusomea sasa. Wenzangu walinishauri sentensi hiyo niiondoe. Nimewaomba, wamenihurumia, imebaki.

KAZI TULIYOFANYA

Chuo kilipoanza kupokea tasnifu za uzamili zilizoandikwa kwa Kiswahili, mhadhiri mmoja alikuja hapa na wazo lake. Alisema tasnifu inayohusu watu wa kusini isomwe kwanza na watu wa kusini, wasio na digrii, ili ijulikane kama inaeleweka. Watahini wangepima nadharia, mbinu na mchango mpya. Sisi tungepima maandishi. Tulikubali kabla hajamaliza kueleza.

Namna yetu ya kupima ni hii. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Sura ikiisha, kitabu kinafungwa na mtu mwingine anaisimulia. Asipoweza, hatumlaumu mwandishi papo hapo. Tunarudia. Kwa miaka yote hii tumejifunza kwamba maandishi magumu ukiyarudia yanafunguka, na maandishi mabovu ukiyarudia yanazidi kujifunga. Mara nyingine yamefunguka, na kosa likawa la masikio yetu. Mara nyingine tumeyarudia mpaka Mzee Samweli akasinzia, na Mzee Samweli husinzia penye ubovu tu. Ni kipimo chetu cha akiba.

Josephu kazi yake ni "wengi". Tasnifu ikisema wakulima wengi wa Ziwani wanaamini jambo fulani, yeye hunyanyua mkono: "Wengi wangapi? Maana mimi sikuulizwa, na jirani yangu hakuulizwa, na yule asiyeulizwa kitu akanyamaza hajazaliwa Ziwani."

Na Bi Mwaisha ana swali lake moja, ambalo wewe unalijua. Msomaji akisoma, "Ilibainika kuwa elimu ilitolewa kwa walengwa," yeye husema, "Nani kafanya?" Nani kabaini? Nani katoa? Au elimu ilijitoa yenyewe kama mvuke wa sufuria? Mwanafunzi anayejua jibu huliandika, na sentensi ikasimama. Asiyejua hurudi kutafuta. Siku hizi tunapata pia kurasa zilizonyooka mno, zisizo na kosa hata moja, ambazo nyingine inasemekana zimeandikwa na kompyuta. Hizo Bi Mwaisha huzisikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza kwa lafudhi ya kwao, "Ntu kaenda wapi?" Pembeni tunaandika "mtu", kwa kuwa ni maandishi.

Hatusemi haya ili tuonekane tunawashinda watahini. Wao huona mambo tusiyoyaona, na tumewahi kuisifu tasnifu ambayo wao waliikuta haina utafiti wowote ndani yake, ila mwandishi alikuwa na ulimi mtamu. Kila mmoja ana jicho lake.

Malipo yetu ni ukurasa wa shukrani. Tasnifu ikirudi imejalidiwa, tunaufungua huo kwanza, wala hatuoni haya. Tukikuta "Darasa la Alhamisi, Chikongola", tunausoma kwa sauti. Katika rafu ile nyuma yako kuna tasnifu kadhaa zilizotutaja. Mmoja aliandika "wazee wangu wa Chikongola", na Bi Mwaisha, ambaye anakataa kuitwa mzee, aliisamehe.

YALIYOTUSIBU

Tunafika kwenye kisa cha Tete.

Neema, mwanafunzi wako, aliyetoka Mbeya akaja kuwachunguza wakulima wa korosho, alituletea rasimu. Ilikuwa nzuri. Katika sura ya kwanza aliandika kwamba utafiti wake uliongozwa na nadharia tete. Mgeni rasmi, hapa kwetu, ukishuka Kilambo na kuvuka Ruvuma, uko Msumbiji. Na ukienda mbele sana ndani ya Msumbiji kuna mahali panaitwa Tete. Shemeji yake Josephu aliwahi kupeleka nguo huko, akarudi na mke. Kwa hiyo Tete tunayoijua sisi ni hiyo.

Tukaijadili. Mzee Samweli alisema nadharia za kigeni si kitu kibaya, alimradi zimefuata utaratibu. Josephu akasema, "Tete ni mbali. Huyu binti alifika lini, na mbona hajasema alilala kwa nani?" Mimi, kwa mkono wangu, nikaandika pembeni kwa hati nzuri: "Mtafiti aeleze alivuka mpaka lini, kwa kibali gani, na nani wa Tete aliyempa nadharia hii."

Tete ile ilikuwa na maana ya changa, isiyokomaa. Fikra ambayo mtafiti anaanza nayo kabla hajaipima. Sasa tunajua. Tunaijua sana, hata Bi Mwaisha akionja mchuzi usioiva husema, "Huu bado ni nadharia tete."

Lakini maoni yetu yalikwisha kufika chuoni. Msimamizi mmoja aliyasoma bila kutazama rasimu, akamrudisha Neema atoe maelezo ya safari asiyoifanya, na siku ya kukabidhi kazi ikampita. Wenzake wamehitimu. Yeye bado. Ndipo jina likazaliwa. Tukipita chuoni vijana wanatuamkia kwa adabu zote, "Shikamooni, wazee wa Tete," kisha wanageukia ukutani mabega yakitikisika. Tunaitikia marahaba. Tufanyeje, shikamoo ni shikamoo.

Kutokana na kosa hilo ndipo palipotokea pendekezo la kutuondoa, na pendekezo liko mezani kwako. Tumesikia kwamba kisa kiliposimuliwa kwenye kikao, na wewe ulicheka. Hatukulaumu. Kinachekesha. Ila hofu ya kicheko hicho tuliiona mahali pengine kabla ya hapo, na sasa tupasemee.

KUHUSU TASNIFU YAKO

Hukutuletea tasnifu yako ya uzamivu. Tuliiazima maktaba, kwa kitambulisho cha Neema, tukaisoma yote. Inahusu namna watahini wanavyopima ubora wa maandishi ya uzamili katika Kiswahili. Tulipoona kichwa chake tulitazamana.

Tuseme kweli, tuliisoma tukitafuta ubovu. Jicho la wivu ni kali kuliko miwani. Tulikuta makosa machache ya chapa, na jedwali moja limepewa namba ya jirani yake. Basi. Sura zilifunguka. Tulipofunga kitabu, Josephu aliisimulia sura ya tatu hadi mwisho na hakuruka kitu, na Mzee Samweli hakusinzia hata kidogo. Tathmini ya darasa ni kwamba tasnifu yako ni nzuri, na kwamba imetuuma.

Katika sura ya nne unapendekeza kitu ulichokiita kipimo cha mtenda. Unasema katika maandishi ya kitaaluma kila dai lioneshe nani amelitenda, nani ameliona, nani amelisema. Na kwamba mtahini aanze hapo kabla ya kupima kingine chochote. Nilipokuwa nikisoma, watu waliacha kunitazama mimi, wakawa wanamtazama Bi Mwaisha. Lilikuwa swali lake. Lilikuwa limevaa suti, limepata marejeo na jedwali, lakini lilikuwa lile lile.

Hatukutuhumu wizi, na Bi Mwaisha ndiye aliyetukataza hata kulifikiria. "Swali si langu," alisema. "Mimi mwenyewe nililichukua kwa mama. Ukimwambia sufuria imeungua, yeye anauliza nani kaunguza." Na ni kweli kwamba sisi tulikuwa nalo miaka yote hatukulifanya kitu. Wewe uliondoka nalo hapa, ukalisomesha.

Tukageukia ukurasa wa shukrani. Umemshukuru Mungu, na wasimamizi wako, na mumeo, na mchungaji, na mama mwenye nyumba wa Dar es Salaam aliyekupikia uji ulipougua, na fundi aliyeifufua kompyuta yako. Nilipomaliza, Bi Mwaisha aliniomba nirudie.

"Umeruka mstari, Abeid," alisema.

Nikarudia, nikifuata kwa kidole. Sikuwa nimeruka.

Na bado tungenyamaza, maana shukrani ni moyo wa mtu. Lakini katika sura ile ile ya nne, unapoeleza ulikokipata kipimo hicho, umeandika: "Wazo hili liliibuliwa katika mazingira ya usomaji wa pamoja." Mgeni rasmi, tuliitafuta sentensi nyingine iliyomficha mtenda wake katika tasnifu nzima, kuanzia ikisiri hadi marejeo. Hatukuiona. Ni hiyo moja. Nilipoisoma, Bi Mwaisha akauliza taratibu, si kwa kejeli, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Nani kafanya?"

Jibu unalo wewe.

Tumelifikiria sana jambo hili na tunadhani tunaelewa. Ungeandika kwamba msingi wa uzamivu wako ni benchi la Chikongola, fundi cherehani, kuli na mkulima wa korosho, huenda mtahini angecheka. Sisi sasa tunakijua kicheko hicho kinavyouma. Kwa hiyo hatukuja kukuuliza kwa nini uliogopa. Tumekuja kukuambia kwamba tuliona. Hukutaka tuone, lakini sisi ni wasomaji, na nidhamu ya kutoruka mstari tulijifunza pamoja nawe, benchi moja.

MAOMBI

La kwanza ni la Neema. Kosa la Tete si lake. Tunaomba jina lake lisibebe mzigo wetu, na kama kuna namna ya kumkabidhisha kazi yake kabla ya mahafali yajayo, ifanyike. Yupo hapa, pale mlangoni. Ndiye aliyetuchapia risala hii, na alipofika kwenye kisa cha Tete alicheka mpaka akaacha kuchapa. Kwake tulicheka pamoja naye.

La pili ni kazi. Tunaomba tusivuliwe. Tuko tayari maoni yetu yawe maswali, yasiwe maagizo. Tuko tayari pia mwanachuo mmoja aketi nasi tunaposoma, ili likija neno tusilolijua tuliulize hapa hapa, badala ya kulivusha mpaka. Tutapokea kufundishwa. Tumefundishwa maisha yetu yote, wala hatujatosheka.

Hatuombi uturudishe kwenye ukurasa wa shukrani. Tasnifu imeshajalidiwa, na kitabu kilichojalidiwa hakichanwi kwa ajili ya mstari mmoja. Hili tumelikubali, baadhi yetu mapema na mimi jana.

Ombi la mwisho ni dogo na ndilo kubwa. Kila mgeni rasmi anayekuja shuleni hapa husomewa risala, kisha husimama akasema, "Risala yenu ni nzuri sana." Hukabidhiwa, ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia garini. Wewe umesoma kwa Mwalimu Modesta. Unajua "nzuri sana" ni nini humu ndani.

Tunakuomba usitusifu. Tusahihishe. Tumeacha pambizo pana upande wa kulia, na nyuma ya kila karatasi ni peupe. Penye dai lisilo na ushahidi, kata. Penye kelele, andika kelele. Palipo wivu mtupu usio na hoja, weka alama ya kuuliza, tunajua papo. Na kama utaona ni haki kutuvua kazi, tuvue kwa wino, pembeni, pamoja na sababu, kama unavyomrudishia kazi mtu unayeamini ataisoma. Uamuzi huo hatutaupinga. Kalamu nyekundu iko mezani kando ya maji yako. Usidhani kuna mtu ameisahau.

MWISHO

Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyochoka na wanafunzi wanaokuzidi, nawe siku hiyo ikifika uuonje wivu huu, utuelewe. Akurudishe salama ofisini, na likikupendeza, akurudishe hapa siku ya Alhamisi, jioni, bila ratiba. Kiti hicho tumekiazima. Benchi ni lako.

Mgeni rasmi, risala hii imeandikwa.

Nani kafanya? Tumefanya sisi: Samweli, mwenyekiti, Mwaisha Shafii, mwenye swali, Josephu wa Ziwani, Neema, aliyechapa, na Abeid Nampoto, aliyeandika na kuisoma.

Ni sisi, Darasa la Alhamisi, Chikongola, Mtwara. Chuoni kwako, ukitutafuta, uliza Wazee wa Tete.